Kupima Kama Mafunzo ya Kazi Yanawapatia Vijana Maskini Kazi Rasmi

Ripoti nyingi za miradi ya mafunzo kwa vijana hufanana. Zinataja walioandikishwa, waliomaliza, waliopewa vyeti, na mwishoni waliopata kazi. Hesabu hizo ni za lazima, lakini haziwezi kujibu swali lenyewe: kati ya vijana waliopata kazi, ni wangapi wasingeipata kama mafunzo yasingekuwepo? Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo faida halisi ya mradi. Makala hii inaeleza jinsi tofauti hiyo inavyopimwa, na yale ambayo nchi chache zilizopima kwa uangalifu zimeyagundua.

Kazi rasmi ni ipi?

Kwa ujumla, kazi rasmi ni ile yenye mkataba, inayojulikana na serikali, na ambayo mwajiri anailipia michango ya mfanyakazi katika hazina ya usalama wa jamii. Kwetu Kongo, alama mojawapo ni kuandikishwa CNSS. Mfanyakazi wa namna hiyo ana haki anapoumia kazini, na ana tumaini la pensheni. Watu wengi wa nchi yetu wanaishi nje ya mpango huo: wanauza sokoni, wanabeba mizigo, wanaendesha pikipiki, wanafanya vibarua vya siku.

Ndiyo maana swali la "una kazi?" halitoshi. Kijana maskini mara chache hukaa bila kufanya lolote, kwa sababu njaa haimruhusu. Kama alikuwa akibeba mifuko ya saruji na leo ni fundi umeme mwenye mkataba, mara zote mbili atajibu "ndiyo, nina kazi," na kipimo kitaonyesha kwamba hakuna kilichobadilika. Mpimaji anapaswa kuuliza juu ya mkataba, mshahara, saa za kazi na michango ya hazina. Inapowezekana, alinganishe majibu na daftari la hazina yenyewe, kwa kuwa daftari halisahau.

Makosa matatu ya kawaida

Kosa la kwanza ni kulinganisha kijana na hali yake ya jana. Mwaka 1978 mchumi wa Marekani, Orley Ashenfelter, alionyesha kwamba mapato ya watu wanaoingia katika mafunzo mara nyingi huwa yameshuka muda mfupi kabla ya kuanza. Ni jambo la kueleweka: aliyepoteza kazi juzi ndiye anayetafuta darasa leo. Wengi wa namna hiyo wangeinuka tena hata bila darasa. Ukilinganisha siku yake ya chini kabisa na mwaka unaofuata, utausifu mradi kwa kazi iliyofanywa na wakati.

Kosa la pili ni kulinganisha waliojiandikisha na wasiojiandikisha. Anayekuja kuomba nafasi, akarudi mara tatu kuuliza majibu, ana bidii ambayo jirani yake pengine hana. Labda pia ana mjomba aliyempa habari, au nauli ya kufika. Mambo hayo hayo ndiyo yanayompatia mtu kazi.

Kosa la tatu ni kuhesabu waliomaliza tu. Walioacha katikati mara nyingi ndio wenye shida zaidi: msichana aliyepata mimba, kijana aliyekosa chakula cha mchana. Ukiwafuta katika hesabu, asilimia ya waliofaulu itapanda bila mtu yeyote kuongezewa msaada.

Kwa nini kura?

Njia iliyo safi zaidi ni kura. Mara nyingi waombaji ni wengi kuliko nafasi. Badala ya msimamizi kuchagua anaowapenda, majina ya wote wanaostahili yanaandikwa na kura inapigwa. Waliopata wanasoma. Waliokosa wanabaki kuwa kundi la kulinganisha. Kwa kuwa kura haijui nani ana bidii wala nani ana mjomba, makundi hayo mawili, yakiwa makubwa vya kutosha, yanafanana kwa wastani. Tofauti inayoonekana baadaye inaweza kuhesabiwa kuwa ni matunda ya mafunzo.

Wengine husema kura ni ukatili kwa waliokosa. Lakini nafasi zikiwa 50 na waombaji 80, watu 30 watakosa kwa vyovyote. Kura huondoa upendeleo, na katika maeneo yetu ambako nafasi hufuata undugu na kabila, hilo si jambo dogo. Lisilofaa ni kumnyima mtu nafasi iliyo wazi ili tu kupata wa kulinganisha naye.

Mfano wa Kolombia

Mfano unaotajwa sana ni wa Kolombia, Amerika ya Kusini. Baada ya uchumi wa nchi hiyo kuanguka vibaya mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali ilianzisha mpango ulioitwa Jóvenes en Acción, yaani "vijana katika vitendo". Uliwalenga vijana wa miaka 18 hadi 25 kutoka familia maskini zaidi katika miji saba mikubwa, ikiwemo Bogotá, Medellín na Cali. Kijana alisoma darasani miezi mitatu, kisha akafanya staji miezi mitatu katika kampuni iliyosajiliwa. Alipewa posho ndogo ya kila siku kwa nauli na chakula, na mama mwenye mtoto mdogo alipewa zaidi. Shule zilishindania nafasi ya kufundisha, nyingi zikiwa za binafsi.

Mwaka 2005 kura iliingizwa. Shule ziliombwa kuchagua vijana wengi kuliko nafasi zao, kisha nafasi zikagawanywa kwa kura. Wachumi Orazio Attanasio, Adriana Kugler na Costas Meghir waliwafuatilia vijana zaidi ya 4,000, waliopata na waliokosa, na kuwahoji tena mwaka 2006. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Wanawake waliopewa nafasi walikuwa na mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 19.6, na uwezekano wao wa kuwa na kazi ya malipo uliongezeka kwa karibu watu 7 katika kila 100, hasa katika kazi rasmi. Kwa wanaume, kupata kazi kwa jumla hakukuongezeka kwa namna iliyo wazi. Baadaye watafiti walitumia kumbukumbu za michango ya usalama wa jamii kuwafuatilia vijana hao kwa miaka mingi, nao wakaona kwamba faida katika kazi rasmi haikuyeyuka.

Tuitafakari hesabu hiyo: watu 7 katika kila 100. Huo ni miongoni mwa miradi iliyofanikiwa zaidi kati ya yote iliyopimwa kwa kura. Mwanamke mmoja kati ya kila wanawake 14 au 15 alipata kazi ambayo asingeipata. Wengine wangeipata hata hivyo, au waliikosa hata hivyo.

Nchi nyingine

Katika Jamhuri ya Dominika, mradi wa Juventud y Empleo ulifuata mpango unaofanana na wa Kolombia. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 na David Card na wenzake haikuona ongezeko la wazi la kupata kazi, ingawa kulikuwa na dalili za mapato kupanda kidogo. Watafiti wenyewe walieleza udhaifu mmoja: vijana walioshinda kura lakini hawakutokea darasani hawakuhojiwa baadaye. Kura ilikuwa safi, lakini ufuatiliaji uliiharibu kidogo. Kanuni inayotokana na hapo ni kwamba kila aliyepewa nafasi ahesabiwe, asome au asisome.

Nchini Uturuki, waombaji 5,902 wa kozi za ofisi ya ajira ya taifa waligawanywa kwa kura. Kwa wastani, kozi ziliongeza ajira kidogo sana, karibu na sifuri, chini mno ya matarajio ya maofisa na ya waombaji wenyewe. Mwaka wa kwanza ubora wa kazi ulionekana kupanda kidogo, hasa kwa waliosoma katika shule za binafsi. Baada ya miaka mitatu faida hiyo ilikuwa imetoweka. Aliyepima mwaka wa kwanza tu angeandika habari njema isiyodumu.

Kwa jirani zetu wa Uganda, utafiti wa miaka minne ulifuatilia vijana 1,700 na kampuni 1,500. Baadhi ya vijana walipewa miezi sita katika shule ya ufundi, na wengine miezi sita ya kujifunza ndani ya kampuni. Njia zote mbili ziliongeza ajira. Waliojifunza kampuni walipata faida haraka, lakini ikapungua. Waliosoma shule walichelewa kuiona, lakini ikadumu na mwishowe ikawapita wenzao. Sababu inayoelekea kuwa kubwa ni cheti: kijana anapopoteza kazi, cheti kinamwonyesha mwajiri mwingine kile anachokijua, naye hurudi kazini mapema.

Mwaka 2017 David McKenzie wa Benki ya Dunia alikusanya tathmini za namna hii kutoka nchi zinazoendelea. Kwa wastani, katika kila watu 100 waliopewa mafunzo ya ufundi, hawakufika watatu waliopata kazi ambayo wasingeipata vinginevyo.

Je, mmoja akipata, mwingine anapoteza?

Bado kuna swali ambalo kura ya kawaida haioni. Ikiwa kiwanda kina nafasi tano na tano zilezile zikachukuliwa na vijana wetu, wale ambao wangezichukua wamebaki nje. Mradi utaonekana umefaulu, na mji haukupata kazi hata moja zaidi. Nchini Ufaransa watafiti walilichunguza jambo hili kwa kupiga kura mara mbili: kwanza kati ya maeneo 235, kisha kati ya vijana wenye elimu waliokuwa wakitafuta kazi. Waliona kwamba sehemu ya faida ya waliosaidiwa kutafuta kazi ilitoka kwa wenzao wa eneo lilelile wasiosaidiwa. Mahali ambapo ajira ni chache, mafunzo peke yake hugawa upya foleni bila kuifupisha.

Kituo kidogo kinaweza kufanya nini?

Makanisa mengi ya mtandao wetu yana vituo vya ushonaji, useremala, ufundi magari au kompyuta. Kituo chenye wanafunzi 30 hakiwezi kufanya utafiti kama wa Kolombia, maana idadi ndogo hubadilishwa na bahati tu. Lakini kinaweza kuacha kujidanganya.

Kwanza, kiandike majina na namba za simu za waombaji wote, pamoja na waliokosa nafasi, na namba ya ndugu mmoja wa kila mtu, maana vijana huhama na kubadilisha simu. Pili, waombaji wakizidi nafasi, kura ipigwe hadharani kati ya wanaostahili. Tatu, wote waulizwe maswali yaleyale baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu: una mkataba, unalipwa kiasi gani, umeandikishwa CNSS? Nne, anayeuliza asiwe mwalimu wao, kwa sababu kijana ataona aibu kumwambia mwalimu wake kwamba cherehani aliyopewa ameiuza. Tano, ripoti iwataje pia walioacha na wasiopatikana. Vituo kadhaa vya mkoa mmoja vikitumia fomu ileile, hesabu zao zikijumlishwa zinaweza kutoa jibu ambalo kituo kimoja hakiwezi.

Gharama nayo iwekwe mezani. Kwa mfano wa kufikirika tu: kituo kikitumia dola 200 kwa kila kijana, na vijana watano katika kila 100 wakapata kazi ambayo wasingeipata, basi kila kazi hiyo imegharimu dola 4,000. Huenda inastahili, kwa sababu kazi rasmi hulisha nyumba kwa miaka mingi. Huenda pia fedha hizo zingefaa zaidi kama mtaji au nauli ya kutafuta kazi. Bila kupima, hatuwezi kujua.

Mama anayeuza mbuzi ili kumlipia mwanawe ada ya miezi sita anastahili kuelezwa ukweli siku ya kuandikisha: wangapi wa mwaka juzi wana mkataba leo, na wangapi hawana. Kituo chenye jibu la swali hilo ndani ya daftari lake kimeshaanza kupima.