Kura na Hesabu: Kutoka Matawi ya TANU hadi Mtumba

Neno kura lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza si uchaguzi wa viongozi. Kura ilipigwa pale ambapo watu hawakuafikiana nani apate fungu lipi, au waliona haya kupendeleana. Hukumu ikaachiwa bahati, na aliyekosa hakuwa na wa kumlaumu. Neno hesabu nalo limetoka huko huko, na watu wa pwani wanalijua kwa maana mbili: hesabu ya kujumlisha na kutoa, na hesabu atakayoulizwa mja siku ya mwisho. Historia ya uchaguzi nchini Tanzania yaweza kusomwa baina ya maneno haya mawili. Kura zimepigwa mara nyingi, na zimehesabiwa mara nyingi. Swali ni mara ngapi zimemzaa kiongozi anayetoa hesabu.

Mahali pa kuliuliza swali hilo ni Mtumba, kata ya Jiji la Dodoma upande wa mashariki, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Ni nchi ya Wagogo: mibuyu, mtama, uwele, ng'ombe, na mvua isiyoahidi kitu. Jirani yake ni Ihumwa, alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, mshairi ambaye jina lake linajulikana visiwani kuliko jina la kijiji chake. Mwaka huo huo ndio ulioanza njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu hadi 1920. Ukame ulikuwa sehemu ya sababu zake. Sehemu nyingine ilikuwa vita, kwani majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na wapagazi. Serikali mbili zilipita juu ya nchi ile, moja ikitoka na nyingine ikiingia, na hakuna hata moja ambayo Mgogo aliweza kuidai hesabu ya alichopoteza.

Miaka mia moja baadaye serikali ilikuja tena, safari hii kuishi. Mnamo Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa serikali yake itahamia Dodoma. Mwaka 2017 aliivunja Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi. Aprili 2019 ukazinduliwa Mji wa Serikali pale Mtumba, wizara zikajengwa katika ardhi ambayo wenyeji waliijua kwa malisho na mashamba.

Lakini uamuzi wenyewe ni wa zamani, na ulitokana na kura. Kabla ya mkutano mkuu wa TANU wa mwaka 1973, matawi ya chama yaliulizwa kama makao makuu yahamishwe kutoka Dar es Salaam. Matawi 1,859 yalitoa jibu: 1,017 yalikubali na 842 yalikataa. Hoja za waliokubali zilieleweka. Dodoma iko katikati ya nchi, reli na barabara zinakutana pale, na mji wa bandarini ulikuwa ukumbusho wa utawala uliokuja kwa merikebu na kuitazama bara kwa mgongo. Serikali ya wakulima, ilisemwa, ikae kati ya wakulima.

Hesabu hiyo yastahili kutazamwa kwa makini. Kwanza, haikuwa hesabu ya kauli moja. Katika zama ambazo kukubaliana kulihesabiwa kuwa fadhila ya kwanza ya mwanachama, matawi karibu arobaini na tano katika kila mia yalithubutu kusema hapana, na kauli yao ikaandikwa. Pili, kura ilikuwa ya tawi, si ya raia. Asiyekuwa na kadi ya chama hakuulizwa. Tatu, na hili huwagusa watu wa visiwani, TANU haikuwa na tawi Unguja wala Pemba. Huko chama kilikuwa Afro-Shirazi, na vyama hivyo viwili havikuungana hadi tarehe 5 Februari 1977. Matawi yaliyohesabiwa katika kuchagua makao makuu yalikuwa ya upande mmoja wa Muungano.

Wanataaluma walianza mapema kuchunguza kura za aina hii. Uchaguzi mkuu wa 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, ulifuatwa na watafiti jimbo kwa jimbo, na matokeo yao yakatoka mwaka 1967 katika kitabu kilichohaririwa na Lionel Cliffe. Utaratibu wake ulikuwa wa peke yake. Karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja akibeba alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Walisafiri pamoja, wakapanda jukwaa moja, na wakatakiwa kuzungumza Kiswahili. Hawakuruhusiwa kutaja kabila, rangi wala dini ili kupata kura, wala kuipinga siasa ya chama.

Msomaji wa mashairi atautambua umbo huo. Ni ngonjera, fani ambayo Mnyampala aliikuza na ambayo diwani zake, Ngonjera za Ukuta, zilitoka baada ya kifo chake cha mwaka 1969. Katika ngonjera wawili husimama wakajibizana beti kwa beti, mmoja akiuliza na mwingine akifundisha, na mwisho asiyejua hukubali. Majibizano ni ya kweli, na raha yake ni ya kweli, lakini hitimisho limekwisha kuandikwa kabla ya ubeti wa kwanza. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1965 juu ya mambo makubwa ya nchi. Lakini juu ya watu haikuwa hivyo, na hapo ndipo utafiti ulipoonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: wapigakura waliwaangusha wabunge wengi waliokuwa madarakani, akiwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Raia hakuweza kuuliza kwa nini siasa iwe hii. Aliweza kuuliza kwa nini mheshimiwa hakuonekana kijijini tangu achaguliwe. Ilikuwa hesabu nusu, lakini ilikuwa hesabu.

Visiwani mambo yalikuwa yamekwenda kwa njia nyingine. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa tofauti ya kura moja, na Baraza zima likagawika sawasawa, kumi na moja kwa kumi na moja. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na fujo zilizoufuata ziliua watu 68. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wazanzibari walishiriki kura ya rais wa Muungano, lakini hawakuchagua Baraza la Wawakilishi hadi mwaka 1980. Kwa hiyo pande mbili za Muungano zilijifunza masomo mawili tofauti: bara ilijifunza kwamba kura yaweza kumwondoa mtu pasipo kuigusa serikali, visiwa vilijifunza kwamba kura moja yaweza kuigusa serikali, na bei yake ikawa damu.

Mwaka 1991 serikali iliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kuwauliza wananchi kama wanataka kubaki na chama kimoja. Kiasi cha asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema kibaki. Asilimia 20 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza matakwa ya wachache, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo waliosema hapo kwamba wananchi hawakusikilizwa. Lakini wengi katika wale asilimia 80 walitaka pia mageuzi ndani ya chama chenyewe, na tume ilihesabu malalamiko yao pamoja na jibu lao. Lililobaki na uzito hadi leo ni jambo jingine: mfumo mpya ulikuja kama uamuzi wa wakubwa, si kama ushindi wa raia, na anayepewa haki kwa hisani hukawia kuidai.

Mwaka huo huo wa 1992 ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa utafiti na elimu ya demokrasia ujulikanao kwa kifupi REDET, na wataalamu kama Samuel Mushi na Rwekaza Mukandala wakaanza kuuandika mfumo wa vyama vingi uchaguzi baada ya uchaguzi. Mwaka 2001 Tanzania iliingia katika uchunguzi wa maoni wa Afrobarometer. Ripoti iliyotoka mwaka uliofuata iliwauliza Watanzania katika kichwa chake swali ambalo halijazeeka: je, hawa ni raia wasiohoji, au ni watu walioamua kuwa na subira na viongozi waliowaamini?

Hesabu rasmi za waliojitokeza kupiga kura ya rais zinatoa jibu lenye mashimo. Mwaka 1995 walikuwa asilimia 77 ya walioandikishwa. Mwaka 2000, asilimia 84. Mwaka 2005, asilimia 72. Halafu mwaka 2010 wakashuka hadi asilimia 43. Watu milioni 20 walikuwa katika daftari, na kura zilizopigwa hazikufika milioni tisa. Sehemu ya mshuko huo ni ya makaratasi: Daftari la Kudumu lililotumika kwa mara ya kwanza mwaka 2005 halimfuti marehemu kwa wepesi, wala halimfuati kijana aliyehama. Lakini makaratasi peke yake hayaelezi yote. Mwaka 2015, upinzani ulipoleta ushindani mkali, waliojitokeza walipanda hadi asilimia 67. Mwaka 2020 wakashuka tena hadi 51. Watu hutoka nyumbani wanapoona kwamba jibu bado halijaandikwa.

Ndiyo maana hesabu ya 2025 inahitaji kusomwa pamoja na mazingira yake. Tume ilitangaza kwamba katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba walijitokeza asilimia 87, na mshindi alipata karibu asilimia 98. Chama kikuu cha upinzani hakikushiriki, na mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Siku ya kupiga kura palizuka maandamano, intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia vipimo vyao. Mtafiti aliyezoea kuuliza kwa nini watu hawapigi kura alijikuta mbele ya swali gumu zaidi: namba kubwa ina maana gani pale ambapo hakuna njia ya kuihakiki?

Kuhakiki kwenyewe kumekuwa na gharama. Tangu 2013 asasi ya Twaweza ilikuwa ikiwauliza wananchi maoni yao kwa simu. Julai 2018 ilitangaza kwamba waliouridhia utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, baada ya kuwa 71 mwaka uliotangulia na 96 mwaka 2016. Asasi hiyo ikaandikiwa barua na tume ya serikali ya sayansi na teknolojia ikidaiwa kibali, na mkurugenzi wake akanyang'anywa pasipoti. Mwaka huo huo sheria ya takwimu ilibadilishwa ili kumzuia mtu kutangaza namba bila idhini. Mwaka 2019 ikalegezwa. Wakati huo hakuna aliyepigwa vita kwa kusema uongo juu ya shamba lake. Vita vilikuwa juu ya nani ana haki ya kuhesabu.

Turudi Mtumba. Hoja ya 1973 ilikuwa ukaribu: serikali ikikaa kati ya watu itawasikia. Leo mkazi wa kata hiyo anaweza kuziona wizara kwa macho yake. Lakini kuona jengo si kumwona mwenye jengo. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inakipa kijiji mkutano mkuu, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 ni mjumbe wake. Mbele ya mkutano huo ndipo halmashauri ya kijiji husoma mapato na matumizi, na kwa sheria ya ardhi ya 1999 mkutano huo una kauli juu ya ugawaji wa ardhi ya kijiji. Kijiji kikimezwa na jiji kikawa mtaa, mkutano huo hubaki jina. Mtaa una mwenyekiti na kamati, ila ardhi na fedha huamuliwa juu yao. Hapo ndipo kuna kinaya chake: kadiri serikali kuu inavyosogea karibu, ndivyo chombo kidogo ambacho raia angekitumia kuiuliza kinavyopungukiwa nguvu.

Kutokana na hayo, hesabu ya kura za rais si kipimo cha kwanza cha uwajibikaji katika nchi hii. Kipimo cha kwanza ni kile kinachoonekana chini ya mti: kama mapato yalisomwa, kama aliyeuliza alijibiwa, kama aliyejibiwa vibaya aliweza kumwondoa aliyemjibu. Wapigakura wa 1965, kwa uhuru mdogo waliokuwa nao, waliweza kufanya hilo la mwisho. Matawi 842 ya mwaka 1973 yaliweza kukataa na kukataa kwao kukaandikwa kwa idadi yake.

Namba hiyo ya walioshindwa ndiyo inayoifanya ile 1,017 iaminike. Pale ambapo hapana haina mahali pa kuandikwa, ndiyo nayo haina uzito, hata ikiandikwa mara milioni.