Mizani na Mwenye Kuishika

Kila biashara ina kipimo chake. Mtama hupimwa kwa debe, nguo kwa yadi, pamba kwa kilo, na dhahabu kwa mizani ndogo ambayo hata pumzi ya mtu yaweza kuitikisa. Lakini kipimo hakijipimi chenyewe. Debe lililobonyezwa kitakoni halijai sawa na debe zima, na gunia la lumbesa huchukua zaidi ya gunia, ingawa bei yake ni ya gunia moja. Kwa sababu hiyo mkulima mwerevu haanzi kwa kuuliza uzito wa mazao yake. Huuliza kwanza mizani ni ya nani.

Swali hilo la sokoni lastahili kutangulia katika darasa la biashara, siku wanafunzi wanapofundishwa kupima mwenendo wa kampuni kwa jamii. Vitabu vya somo hilo vimejaa orodha za mambo ya kupimwa, na orodha hizo si mbaya. Upungufu wake ni kwamba husema mengi juu ya kinachopimwa na machache juu ya anayepima. Nchi ya Shinyanga na Geita, yenye almasi na dhahabu, ina historia ndefu ya swali hilo; nayo yaanzia kwenye pamba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka sana katika Jimbo la Ziwa. Msimu ulipofika, mkulima alipeleka mzigo wake kwenye kituo cha mnunuzi. Huko mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyesoma uzito, na ndiye aliyelipa. Wakulima wakanung'unika kwamba wanapunjwa. Dawa waliyoichagua haikuwa kumwomba mnunuzi awe na huruma, wala kumtaka awape zawadi ili wasahau ratili zilizopotea. Waliajiri wapimaji wao wenyewe, wakawaweka kwenye vituo ili uzito usomwe na pande zote mbili. Juhudi hizo zilikua zikawa vyama, na mwaka wa 1955 vyama vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani.

Yafaa kuongeza kwamba hadithi hiyo haikuishia kwenye furaha. Mwaka wa 1966 kamati maalumu ya Serikali iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta usimamizi dhaifu na ubadhirifu katika vyama vingi, na mkulima akajikuta tena analalamikia mizani, safari hii ya chama chake mwenyewe. Kwa hiyo fundisho la pamba ni la sehemu mbili. La kwanza, anayeuza asiukubali uzito uliosomwa na anayenunua peke yake. La pili, mizani haitakati kwa kuhama mkono tu. Hutaka mlinzi kila msimu.

Wakati wakulima wa pamba walipokuwa wakitafuta mizani yao, mji wa namna mpya ulikuwa ukijengwa karibu na Shinyanga. Mwaka wa 1940 Dk. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi huko Mwadui. Mgodi ukakua, na pamoja nao zikakua nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule na maduka. Mwaka wa 1947 Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, kwa arusi yake, almasi ya waridi yenye karati 54.5. Alipofariki mwaka wa 1958, mgodi uliuzwa, nusu ikawa ya kampuni ya De Beers na nusu ya Serikali ya Tanganyika.

Mtu aliyezunguka Mwadui siku zile na daftari mkononi angeandika mengi ya kusifu. Lakini Mwadui ilikuwa ndani ya seng'enge, na daftari la namna hiyo hukomea kwenye seng'enge. Hospitali huhesabiwa kwa sababu ina kuta. Njia ya ng'ombe iliyofungwa haihesabiwi, kwa sababu haina kuta wala risiti. Hapo ndipo mwanafunzi apatapo onyo la kwanza: kitu kilichojengwa hupimika kwa urahisi, na kitu kilichoondolewa hupimika kwa shida, wala shida hiyo ya kupima si ushahidi kwamba hakikuwapo.

Geita hutoa onyo la pili. Mgodi wa zamani wa huko ulichimbwa chini ya ardhi tangu miaka ya 1930 hata mwaka wa 1966, nao ulitoa dhahabu karibu wakia milioni moja. Katika siku zake ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu kuliko yote ya Afrika Mashariki. Ukafungwa. Mishahara ilikoma siku moja, na wachuuzi walioishi kwa mishahara ile wakatafuta pengine. Yeyote apimaye kampuni katika mwaka wa mavuno mengi hupima nguvu za mawe. Akitaka kupima kampuni yenyewe, na arudi miaka kumi baada ya lango kufungwa, aulize nini kimebaki.

Mwaka mmoja baada ya Geita kufungwa, Azimio la Arusha la 1967 lilibadili swali lote. Njia kuu za uchumi zilipotwaliwa na umma, ilionekana kwamba hapana tena haja ya kuuliza kampuni yafanya nini kwa jamii, kwani mwenye kampuni alikuwa ni jamii yenyewe. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwa kimeanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1965, na mwaka wa 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata Kitivo cha Biashara na Uongozi. Wanafunzi wa miaka ile walitayarishwa kuendesha mashirika ya umma. Lakini kumiliki si kupima. Shirika la umma laweza kumpunja mwenye nalo, kama chama cha ushirika kilivyoweza kumpunja mwanachama.

Huko ng'ambo, wakati huohuo, wataalamu walikuwa wakitengeneza vipimo. Mwaka wa 1953 Howard Bowen, Mmarekani, alitoa kitabu juu ya wajibu wa mfanyabiashara kwa jamii. Mwaka wa 1979, mwaka uleule wa kuanzishwa kwa kitivo cha Dar es Salaam, Archie Carroll alipanga wajibu huo katika ngazi nne: wa uchumi, wa sheria, wa maadili, na wa hiari. Mwaka wa 1991 Donna Wood akasisitiza kwamba haitoshi kutazama nia za kampuni na taratibu zake. Sharti yatazamwe pia matokeo. Mafundisho hayo ni mema, na mwanafunzi wa Tanzania hana sababu ya kuyakataa kwa kuwa yametoka mbali. Ila yaliandikwa zaidi kwa nchi ambazo mlalamikaji ana gazeti, ana chama cha wafanyakazi, na ana mahakama iliyo karibu. Mahali ambapo vitu hivyo ni haba, ngazi ya nne, ile ya hiari, huweza kuvimba mpaka ikazificha tatu za kwanza. Zawadi husimama mahali pa haki.

Jambo hilo lilionekana wazi makampuni ya kigeni yaliporudi kwenye dhahabu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kuipisha kampuni yenye leseni. Hata idadi yao haikukubaliwa: upande mmoja ulitaja maelfu, upande wa pili ukataja malaki. Yalitolewa pia madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni. Serikali na kampuni zikayakanusha, na mzozo ukaendelea miaka mingi. Sheria ya Madini ya 1998 ikafungua mlango zaidi, mrabaha wa dhahabu ukiwa asilimia 3. Mgodi mpya wa Geita ulianza kuzalisha mwaka wa 2000, Bulyanhulu mwaka wa 2001, na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka wa 2009.

Taarifa za makampuni katika miaka hiyo zilipambwa kwa picha za madarasa, visima na zahanati. Vitu hivyo vilikuwapo kweli, na mtoto aliyesoma darasani humo alisoma kweli. Lakini mwanafunzi wa biashara na afanye hesabu hii. Kwa mikataba ya wakati ule, mgodi mkubwa ulilipa halmashauri ya wilaya dola 200,000 kwa mwaka badala ya ushuru wa huduma. Ushuru wenyewe kisheria wakati ule ulifikia asilimia 0.3 ya mauzo. Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya dola milioni 500 kwa mwaka: asilimia 0.3 ya fedha hizo ni dola milioni moja na nusu, yaani mara saba na nusu ya kile kilicholipwa. Darasa lililojengwa kwa ukarimu laweza kuwa dogo kuliko darasa ambalo halikujengwa kwa sababu ushuru haukulipwa kamili. La kwanza lina picha. La pili halina.

Manung'uniko yalifika Bungeni mwaka wa 2007, kwa sababu ya mkataba wa Buzwagi uliotiwa sahihi London, na Rais akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani. Jaji huyo alikuwa ndugu yake Paul Bomani wa pamba. Ndugu mmoja alijishughulisha na mizani ya mkulima, na mwingine, nusu karne baadaye, akaitwa kuikagua mizani ya taifa. Kamati ilitoa taarifa mwaka wa 2008, na Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 4. Miaka michache baadaye migodi mikubwa ikaanza kulipa ushuru wa huduma kwa kiwango cha asilimia 0.3.

Mwaka wa 2017 ugomvi wa mizani ulidhihirika bila fumbo. Makontena 277 ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiliwa. Kamati ya Serikali ilisema dhahabu iliyokuwamo yazidi mara nyingi ile iliyotangazwa. Kampuni ikaikataa hesabu hiyo. Mzigo ulikuwa mmoja, na hesabu mbili. Sheria ikarekebishwa mwaka uleule: mrabaha ukafika asilimia 6, na kila mwenye leseni ya uchimbaji akatakiwa kila mwaka kutayarisha mpango wa wajibu wake kwa jamii, akiafikiana na halmashauri ya mahali. Mwaka wa 2019 masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, ili dhahabu ya mchimbaji mdogo ipimwe mbele ya maofisa. Mwaka wa 2020 mkataba mpya na kampuni ya Barrick ukaipa Serikali hisa za asilimia 16 katika migodi hiyo, pamoja na kanuni ya kugawana faida za kiuchumi nusu kwa nusu.

Hayo ni mageuzi makubwa, lakini onyo la pamba bado lipo. Mpango wa jamii sasa uko mikononi mwa kampuni na halmashauri, na mwanakijiji aweza kusimama kando, akiwatazama wawili wakisomeana uzito. Mwadui imeonyesha ni mambo gani hupita pembeni ya mipango. Mwaka wa 2021 kampuni iliyokuwa na hisa nyingi za mgodi, Petra Diamonds, ilimaliza kwa maelewano, bila kukiri dhima ya kisheria, mashitaka yaliyofunguliwa London juu ya vitendo vya walinzi wa mgodi kwa watu wa jirani. Oktoba 2022 almasi ya waridi ya karati 11.15, iliyotoka Mwadui, iliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Mwezi uliofuata, tarehe 7 Novemba, ukingo wa bwawa la tope la mgodi uleule ukapasuka, na tope likaingia katika nyumba na mashamba ya watu. Bei ya kito ilijulikana siku ileile, hata senti. Hasara ya shamba lililofunikwa yahitaji mpimaji wa kwenda kwa miguu.

Huyo mpimaji wa kwenda kwa miguu ndiye anayepasa kutoka katika darasa la biashara. Na ajifunze desturi tatu. Ya kwanza, asome taarifa ya kampuni, kisha aende kwa mtu asiyetajwa humo, aandike hesabu yake kandokando ya ile. Ya pili, atoe kabla ya kujumlisha: ardhi, maji, njia na kazi zilizopotea ziandikwe juu ya ukurasa, na zawadi ziandikwe chini. Ya tatu, apime baada ya mgodi kufungwa, kama Buzwagi ilivyokwisha fikia mwisho wa kazi yake mwaka wa 2021, aone kama Kahama yaweza kusimama bila mgodi huo.

Mwanafunzi ajuaye kuhesabu madawati tu atapata kazi ya kuandika taarifa nzuri. Ajuaye pia kuuliza mizani ni ya nani atapata kazi ngumu zaidi, na pengine mshahara mdogo. Lakini wakulima wa Usukuma, wengi wao bila vyeti, walilijua somo hilo zaidi ya miaka 70 iliyopita. Haitapendeza chuo kikuu kikilisahau.