Chatu na nyumba yake: kutoka Usukuma mpaka Lokandu



Juma lililopita kijana mmoja, mtoto wa familia iliyokimbia Kivu na kupokelewa na jirani zetu, alinionyesha chatu mdogo ndani ya beseni. Juu aliweka kipande cha tole, na juu ya tole jiwe. Alimkuta wakati wa kufyeka shamba. Bado hajavuka urefu wa mkono wangu. Watoto wanatoa pesa kidogo kumtazama, na pesa hiyo inanunua chumvi na sabuni. Akaniuliza: "Papa, nimjengee nyumba ya namna gani?" Ni chumba kimoja, na wanalala humo watu tisa. Siku ile sikumjibu.

Kwanza tusahihishe jina. Wengi hapa tunasema boa, na kwa Kilingala ni nguma. Mnyama wetu ni chatu wa Afrika. Boa mwenyewe anaishi Amerika. Huyu wetu ni mkubwa kuliko nyoka wote wa Afrika, anaweza kupita mita 5, na jike hujizungusha juu ya mayai yake kwa wiki nyingi mpaka yaanguliwe.

Kukaa na chatu si jambo geni Afrika ya Mashariki. Huko Usukuma, karibu na Mwanza nchini Tanzania, kuna chama cha wacheza nyoka kinachoitwa Bayeye. Siku ya ngoma chatu huletwa uwanjani ndani ya sanduku la mbao, mchezaji anamtoa, anacheza naye mbele ya watu, kisha anamrudisha. Makumbusho ya Bujora yanahifadhi habari za ngoma hizo. Tuangalie jambo moja hapo: mtunzaji amefundishwa na waliomtangulia, anajua pia dawa za kuumwa na nyoka, na sanduku lina mwenyewe. Haliachiwi mtoto.

Wazungu walijifunza kwa hasara. Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza duniani iliyotengwa kwa nyoka na jamaa zao. Baridi ya kule iliwasumbua, kwa sababu nyoka hana joto lake mwenyewe. Akipoa, chakula kinamwozea tumboni. Basi wakawapa mablanketi. Boa mmoja akameza blanketi lake zima, akalitapika baada ya zaidi ya mwezi! Mwaka 1852 mtunzaji mmoja wa nyumba hiyohiyo aliumwa na fira, akafa.

Aliyerekebisha mambo alikuwa mwanamke, Joan Procter. Nyumba mpya aliyoibuni ilifunguliwa mwaka 1927. Alitumia umeme kupasha joto kila chumba kwa kiasi chake, akaweka mawe ya kujificha na taa juu ya nyoka, huku njia ya watazamaji ikiwa na giza. Alikufa mwaka 1931 akiwa na miaka 34 tu. Mpaka leo wanaofuga nyoka wanafuata wazo lake: upande mmoja wa joto, upande mmoja wa ubaridi, maji ya kuingia mwili mzima, na mahali pa kujificha. Kwetu hesabu inageuka. Vitabu vya Ulaya vinaogopa baridi, lakini Lokandu, sanduku la tole likiachwa juani saa sita mchana, nyoka anakufa humo kabla ya jioni. Hapa kivuli ndicho cha kutafutwa, na hewa.

Lakini habari iliyoninyima usingizi si ya nyoka kufa. Mwezi wa nane mwaka 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika, jamaa wa huyu wa kwenye beseni, alikuwa amefungiwa katika chumba cha ghorofa juu ya duka la wanyama. Urefu wake ulikuwa karibu mita 4. Usiku alipita kwenye tundu la bomba la hewa, akatembea juu ya dari, akaangukia chumba walimolala watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 4. Wote wawili walikufa. Mwenye duka alipelekwa mahakamani, na mwaka 2016 akaachiliwa. Mahali penye vioo, kufuli na umeme, tundu moja lilitosha. Nasi tuna jiwe juu ya tole.

Mtasema huyu ni mdogo, hawezi kumdhuru mtu. Ni kweli kwa leo. Lakini chatu akishiba vizuri anaongezeka haraka, na baada ya miaka michache atataka kuku, kisha mbuzi, na sanduku refu lenye mbao nzito na kufuli. Familia iliyokimbia mara moja inaweza kulazimika kukimbia tena. Sanduku hilo nani atalibeba, na chatu ataachiwa nani?

Jana nilirudi, nikamweleza kijana na mama yake haya yote. Mama hakusema mengi. Alimtazama mtoto mchanga aliyelala kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwenye beseni. Kijana alihuzunika juu ya pesa ya sabuni, na sikuwa na jibu zuri kwa hilo. Mwishoni alikubali kumpeleka mwituni, mbali na mashamba, nami nitamsindikiza. Aliniuliza kama mfuko wa plastiki utafaa kumbebea. Nikamwambia hapana, atakosa hewa. Alete gunia la nguo lisilo na tundu, tulifunge kwa kamba mara mbili, tuondoke asubuhi kabla jua halijawa kali.