MZUNGU ALIYELIPA ZIWA JINA ILHALI SIKIO LAKE MOJA HALISIKII

Unaambiwa kabla Mwanza haijawa jiji, Mwingereza John Hanning Speke alitia timu pale mwaka 1858 akiwa hoi. Miezi michache nyuma, akiwa Ziwa Tanganyika, mdudu alimwingia sikioni usiku. Jamaa akamimina siagi iliyoyeyushwa, mdudu kagoma kutoka. Akachokonoa na kisu! Sikio likavimba usaha, akawa hasikii. Macho nayo yalikuwa yanamsumbua. Mwenzake, Richard Burton, akabaki Tabora anaumwa.

Tarehe 3 Agosti Speke akapanda kilima, akaliona ziwa. Wenyeji waliliita Nyanza, yeye akalipa jina la malkia wake, Victoria. Akakaa siku chache tu, hakulizunguka, akarudi kutangaza kwamba Mto Nile unaanzia hapo. Burton akabisha vibaya mno. Kumbe Speke alikuwa sahihi!

Sasa kwenye msafara huo mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India. Alichoambiwa Speke na wenyeji kilipitia mdomoni kwa Bombay.

Leo Mwanza kuna Ghuba ya Speke. Ya Bombay iko wapi, wadau?