Kilimo cha kaya Rurambo na amri za serikali

Rurambo iko milimani, upande wa magharibi wa uwanda wa Ruzizi, katika teritwari ya Uvira, Kivu Kusini, nchini Kongo. Anayepanda kutoka Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, huacha nyuma michikichi na mpunga, akakuta muhogo, migomba na maharage, na juu kabisa malisho ya ng'ombe. Kaya za milimani ziliishi kwa mwinuko huo: maharage na muhogo vilishuka, chumvi, samaki na mawese vikapanda.

Zamani ardhi ilikuwa ya mwami, yaani chifu mkuu, naye aliigawa kupitia wakubwa wa vijiji. Mkulima alipeleka mbuzi au pombe. Wafugaji Wanyamulenge walitoa itulo, yaani ushuru wa malisho, kwa machifu wenyeji. Kiangazi ng'ombe walihamishiwa kwenye majani mabichi, na hapo ndipo ugomvi wa mashamba yaliyoliwa ulipoanzia.

Wakoloni Wabelgiji walileta amri. Sheria ya mwaka 1917 iliwapa uwezo wa kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao waliyoyachagua, hadi siku 60 kwa mwaka; aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Agizo la 1921 likagawa nchi katika kanda za pamba, kila moja na kampuni yake ya kununua, kwa bei isiyojadiliwa na mkulima. Pamba ilishika uwanda wa Ruzizi, na katika miaka ya 1950 serikali ikapima huko viwanja vya kaya vilivyopangwa kwa mistari. Milimani ilikuja kazi nyingine: kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Lengo lake lilikuwa na msingi, kwani mvua hubeba udongo wa miteremko ile hadi mtoni. Lakini ilifanywa chini ya monita, yaani msimamizi wa kilimo, na faini, na baada ya uhuru wa 1960 wengi wakaiacha. Kazi iliyohitajiwa na udongo wenyewe ilichukiwa kama kodi, na hasara hiyo ingali inalipwa na wajukuu.

Mwaka 1964 uasi ulilipuka uwandani, na Mei Uvira ikatekwa na waasi. Rais Mobutu alipotawala, kazi ya lazima ikarudi kwa jina la salongo. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ikafanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Mashamba ya vijijini yaliachiwa amri ya rais iliyotakiwa kueleza haki za wakulima, na amri hiyo haikutoka.

Vita vya 1996 vilifunga kiwanda cha sukari cha Kiliba na kuwakimbiza watu wengi wa milimani. Waliobaki na waliorudi walishika kalenda yao: msimu A kuanzia Septemba, msimu B kuanzia Februari, na mabondeni msimu C wakati wa kiangazi. Wanawake ndio wabebaji wakubwa wa kazi ya shamba. Wao hung'oa muhogo, huuloweka siku kadhaa, huuanika juu ya mawe, huutwanga, kisha huteremka na mzigo mgongoni hadi sokoni.

Sheria ya kilimo ya Desemba 24, 2011 ilitaja kilimo cha kaya kwa jina lake. Hata hivyo, anayetaka shamba milimani bado huenda kwanza kwa mkubwa wa kijiji, si ofisi ya ardhi.