Jan Smuts: Mwanasheria, Mkulima na Ardhi ya Wengine

Jina la Jan Smuts halitajwi sana kwetu, ingawa alifika hapa na jeshi. Mwaka 1916 ndiye aliyeongoza majeshi ya Uingereza kuwafukuza Wajerumani. Moshi ilitekwa Machi, Dar es Salaam Septemba. Mizigo ilibebwa na wapagazi Waafrika, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndiko lilikotoka jina la Kariakoo.

Lakini huyu bwana hakusomea uanajeshi. Alizaliwa mwaka 1870 shambani, karibu na Riebeek West, Afrika Kusini. Alichunga mifugo, na shule hakuikanyaga mpaka alipofika miaka 12, baada ya kaka yake kufariki. Akasoma Stellenbosch, kisha sheria Cambridge, ambako alifaulu vizuri mno. Mwaka 1898, akiwa na miaka 28 tu, Rais Paul Kruger alimfanya mwanasheria mkuu wa Transvaal. Vita na Waingereza vilipoanza 1899, sheria ikawekwa kando, bunduki ikashikwa. Vilipoisha 1902, akaingia kwenye siasa mzima mzima, na baadaye akawa waziri mkuu mara mbili.

Shamba hakuliacha. Alinunua Doornkloof, pale Irene karibu na Pretoria, akaishi katika nyumba ya mbao na mabati iliyowahi kuwa mesi ya maofisa wa Kiingereza, yaani maadui zake wa jana. Nyasi alizijua kama wengine wanavyojua ng'ombe wao. Hapo hapo ndipo alipofia, mwaka 1950.

Sasa hapa ndipo panapouma. Mtu aliyeipenda ardhi kiasi hicho alikuwa waziri katika serikali iliyopitisha Sheria ya Ardhi ya 1913. Waafrika, ambao ndio wengi, walizuiwa kununua ardhi nje ya maeneo waliyotengewa, kama asilimia 7 tu ya nchi. Mwaka ule ule wa 1916, Smuts akiwa vitani huku kwetu, Sol Plaatje alichapisha London kitabu chake Native Life in South Africa, akieleza jinsi familia zilivyofukuzwa zikabaki barabarani na mifugo yao.

Na si hilo tu. Mwaka 1936 serikali aliyokuwamo iliwaondoa Waafrika wa Cape kwenye daftari la kawaida la wapiga kura. Miaka tisa baadaye, San Francisco, Smuts huyo huyo alishiriki kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, unaotaja haki za binadamu. Kalamu ya mwanasheria inaweza kuandika neno zuri huku mwenyewe akijua fika nani hahesabiwi ndani yake.

Kwa hiyo ukimsoma Smuts, usimsome peke yake. Mweke Plaatje pembeni.