Gari ya zamani ikifa, asiransi yake inabaki wapi?

Kwenye garaji na parseli nyingi za mji wa Bunia, toka Mudzi-Pela hadi Nyakasanza, hakukosi gari moja isiyotembea tena. Moteri imetolewa, matairi yamekwenda, majani yameota chini ya milango. Mwenye gari anasubiri mnunuzi wa pyesi au wa vyuma vya zamani. Lakini mara nyingi karatasi ya bima bado iko kwenye kioo cha mbele, na tarehe yake haijafika mwisho.

Watu wengi wanafikiri kwamba gari ikifa, bima, ile tunayoita asiransi, inakufa nayo siku ile ile. Wengine wanafikiri kinyume: wamelipa mwaka mzima, basi wanaweza kuitoa ile karatasi na kuibandika kwenye gari nyingine. Mawazo yote mawili yanaleta hasara. Bima ni mkataba kati yako na kampuni, na kampuni haipiti kwenye garaji kuona kama gari yako imekwisha. Itajua siku utakapoiambia.

Bima ya lazima inalipa nani?

Tuanze hapa, kwa sababu wengi wanachanganya. Katika Kongo, sheria nambari 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 ndiyo iliyolazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kulipa madhara anayowafanyia wengine. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa SONAS peke yake, kampuni ya Leta iliyoundwa mwaka 1966. Sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, yaani kodi ya bima, ilifungua soko. Toka mwaka 2019, ARCA, ofisi ya Leta inayosimamia kampuni za bima, ilianza kutoa ruhusa kwa kampuni za watu binafsi. Bima ya gari imebaki kati ya bima za lazima.

Bima hiyo ya lazima inamlinda mtu mwingine. Gari yako ikimgonga motari kwenye bulvari ya Libération, kampuni ndiyo inapaswa kulipa matunzo yake na pikipiki yake. Gari yako wewe hailipwi. Kwa hiyo Carina iliyochoka, au Fuso iliyopinduka, haiwezi kukuletea hata franka moja kwa bima ya lazima peke yake. Ili upate malipo ya gari yako, lazima uwe ulinunua ulinzi wa ziada: wa moto, wa wizi au wa ajali.

Hapa kwetu Ituri kuna jambo lingine. Magari mengi yamechomwa kwenye barabara ya Komanda na ile ya Mahagi katika mashambulizi. Mikataba ya bima kwa kawaida inaweka pembeni madhara ya vita na fujo, hata kwa mtu aliyenunua ulinzi wa moto. Soma sehemu ya mkataba inayotaja mambo yasiyolipwa kabla ya kusema "kampuni itanilipa".

Gari imesimama, jukumu halijasimama

Kitabu cha tatu cha kodi yetu ya raia, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 260 kwamba mtu anajibu pia kwa madhara ya kitu kilicho chini ya ulinzi wake. Gari bovu ni kitu. Ikiteremka na kuvunja ukuta wa jirani, ikimwangukia mtoto anayecheza chini yake, au petroli iliyobaki ikiwaka, ni wewe utakayeulizwa. Vilevile gari inayovutwa kwa kamba hadi garaji iko barabarani kama magari mengine.

Njo maana mpangilio wa hatua ni wa muhimu. Usikimbie kukata bima ili kuokoa dola chache wakati gari bado iko nzima kwenye parseli yako au inangojea kuvutwa. Kwanza itoke mikononi mwako au ivunjwe, halafu mkataba ufungwe.

Plaki ni jina lako

Huko Ulaya, gari inayokwenda kuvunjwa inapata cheti. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni hiyo mwaka 2000: kituo chenye ruhusa kinavunja gari na kumpa mwenyewe karatasi inayothibitisha kwamba gari haipo tena. Na Ufaransa, gari ikiuzwa, sheria inasimamisha bima yake yenyewe kuanzia saa sita usiku ya siku ya mauzo.

Bunia gari inakufa kwa vipande. Moteri inakwenda kwenye gari nyingine, milango inauzwa, alumini inayeyushwa na kuwa sufuria, vyuma vinapakiwa kwenye lori. Fundi hakupi cheti. Karatasi ya kukulinda ni ile utakayoitengeneza wewe mwenyewe.

Hatari kubwa iko kwenye plaki. Plaki na karte roze vinatolewa na DGI, na vimeandikwa kwa jina la mtu. Ukiuza boksi la gari pamoja na plaki zake, mtu anaweza kuzifunga kwenye gari nyingine ya aina ile ile. Gari hiyo ikiua mtu Komanda au Mongbwalu, polisi watafuata plaki, na plaki itawaleta kwako.

Karatasi ya bima nayo ni hivyo hivyo. Mkataba unataja gari moja, kwa plaki yake na nambari yake ya shasi. Kuibandika kwenye gari nyingine kunaweza kumpita polisi wa kizuizi, lakini hakumpiti mchunguzi wa kampuni baada ya ajali. Kampuni itakataa, dereva atajilipia, na mara nyingi hana. Atakayeteseka ni aliyegongwa: mama wa sokoni aliyelazwa hospitali, ambaye familia yake inauza mbuzi ili kulipa fakture.

Hatua za kufuata

1. Kabla fundi hajakata kitu, piga picha za gari na uandike nambari ya shasi. Linganisha nambari hiyo na ile iliyo kwenye karte roze na kwenye mkataba wa bima.

2. Toa plaki zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Usimwachie mnunuzi wa vyuma plaki wala karte roze. Peleka barua DGI kueleza kwamba gari haitatembea tena, na uombe nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

3. Fanya karatasi ya mauzo, hata kama bei ni ndogo. Andika majina ya pande mbili, tarehe na saa, nambari ya shasi, na maneno haya: "gari imeuzwa ili ivunjwe, haikuuzwa ili itembee". Mtie saini pamoja na mashahidi wawili.

4. Iandikie kampuni ya bima barua kwa nakala mbili. Ambatanisha karatasi ya mauzo na picha, rudisha karatasi ya bima, na baki na nakala yenye muhuri. Kusema kwa mdomo kwa karani, au kwa yule aliyekuuzia bima, hakutoshi.

5. Kama gari ilikuwa inavuka kwenda Uganda, kwa Goli, Vurra au Mpondwe, rudisha pia karti ya manjano ya COMESA. Karti hiyo inasimama juu ya bima ya nyumbani. Bima ikifungwa, karti haina nguvu tena.

6. Pita pia kwenye ofisi ya mapato ya jimbo kwa ajili ya vinyeti, ili mwaka ujao usidaiwe kodi ya gari ambayo imeshakuwa sufuria.

Kama gari ilichomwa barabarani na huwezi kufika mahali ilipo, omba PV ya polisi yenye plaki, tarehe na mahali. PV hiyo itachukua nafasi ya karatasi ya mauzo kwenye barua zako.

Na miezi iliyobaki?

Tuchukue mfano. Umelipa dola 120 kwa miezi 12, na gari imevunjwa baada ya miezi 5. Miezi 7 imebaki: kwa hesabu ya kawaida, ni dola 70. Katika barua yako, iulize kampuni waziwazi moja kati ya mambo mawili: irudishe pesa za muda uliobaki, au ihamishe muda huo kwenye gari nyingine unayonunua. Kuhamisha kunafanyika kwa avenanti, yaani karatasi ya kubadilisha mkataba, yenye plaki na shasi ya gari mpya. Mpaka avenanti itiwe saini, gari mpya haina bima.

Usitegemee kupata dola 70 kamili. Mkataba unaweza kuruhusu kampuni kukata gharama zake, na kama mwaka ule ule ililipa ajali yako, inaweza kukataa kurudisha. Iombe ikuonyeshe kifungu inachotumia. Ikikaa kimya au jibu halieleweki, unaweza kuiandikia ARCA, ukiweka nakala zile zenye muhuri.

Kuna mtego mmoja wa mwisho, na wengi Bunia wako ndani yake: gari iliyonunuliwa bila kubadilisha jina, au iliyoachwa na baba aliyefariki. Bima iko kwa jina moja, karte roze kwa jina lingine. Hapo kampuni na DGI wanaweza kukataa barua yako kwa sababu hawakujui. Mtafute aliyekuuzia atie saini pamoja nawe. Kama ni mali ya urithi, warithi wakubaliane kwa maandishi nani anashughulikia gari.

Fanya hayo wakati shasi bado iko mbele yako na nambari yake inasomeka. Lori la vyuma likishatoka mjini, hutakuwa tena na kitu cha kuwaonyesha.